Anaoka piza ya koliflawa Ndau, akitafuta wanaume watano wa kula na mumewe

Saa mbili asubuhi, na Mwanamkisi Abdulwahid yuko kwenye vita na maji. Amekaa juu ya kibao uani kwake, kijijini Ndau katika visiwa vya Lamu, ameshika kitambaa cha marekani kilichojaa kitu cheupe, anakisokota kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Maji yanachuruzika kwenye beseni. Ukidhani yamekwisha, anasokota tena, na yanatoka mengine.

"Haya ndiyo adui yangu," anasema bila kuinua kichwa. "Ukiyaacha humo, huoki mkate. Unapika uji."

Kilichomo kitambaani si unga wa ngano, wala wa mchele, wala wa mtama. Ni koliflawa mbili alizozikwaruza kwenye kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari, akazikaanga kavu kwa chumvi kidogo. Zikishaminywa hubaki tonge moja la kujaa viganja. Hapo anavunja mayai mawili, anatia konzi mbili za chicha ya nazi aliyoianika juani na kuitwanga, pilipili manga kidogo, kisha anakanda.

Analitandaza donge lile juu ya mfuniko wa sufuria uliopakwa mafuta, unene usiozidi kidole cha mwisho. Halafu anapalia: makaa chini, makaa juu, kama mama yake alivyomfundisha kuoka mkate wa kumimina. Baada ya robo saa anafunua. Mkate umepata rangi ya kahawia, umekauka kingoni, unanukia nazi. Anaunyanyua kwa upande mmoja na haukatiki.

"Huu ndio mkate wa piza," anasema. "Juu yake utaweka utakacho. Hotelini wanaweka jibini. Mimi kwa mume wangu naweka nyanya niliyoipika ikakauka, kitunguu, na samaki changu wa kuchambua. Na anaupenda. Wallahi anaupenda! Shida si chakula."

Shida, kama atakavyoeleza mchana kutwa huku machozi yakimjia na kurudi, ni watu.

Mwanamkisi ana miaka arobaini na sita. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyekuwa mwoka mikate wa Ndau. Alikuwa akikanda kilo sita za unga wa ngano kwa siku: mahamri ya asubuhi, mikate ya ufuta ya jioni, na siku za harusi kilo zisizo hesabu. Hamri moja shilingi kumi. Siku njema alibaki na shilingi mia saba mkononi, na kwa hizo amesomesha watoto watatu mpaka wakavuka kwenda bara kutafuta kazi.

Na aliyekuwa akionja hamri la kwanza kila alfajiri, kabla halijapoa, ni mumewe Husseini, fundi cherehani, mshonaji kanzu anayejulikana mpaka kisiwa jirani cha Kiwayu.

"Kila siku mahamri matano, na chai ya sukari vijiko vinne," anasema Mwanamkisi. "Mimi nikiona fahari. Mume anaupenda mkono wako, unataka nini tena? Kumbe nilikuwa namla mguu."

Sukari iligunduliwa miaka mitatu iliyopita, baada ya kidonda cha kidole cha mguu wa kulia kukataa kupona. Cherotich, nesi wa zahanati aliyetoka Kericho, aliwaeleza wazi: ngano, wali na muhogo apunguze sana, sukari aiache kabisa. Husseini aliitikia kwa adabu. Walipofika nje akamgeukia mkewe: "Sasa nile nini, mawe?"

Jibu lilitoka Kiwayu. Huko kuna mpishi wa hoteli moja ya wageni aitwaye Phineas, ambaye alikuwa mteja wa mahamri ya Mwanamkisi. Alimweleza kwa simu kwamba wapo wageni wasiokula nafaka ya aina yoyote, na yeye huwatengenezea piza ya koliflawa.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," anakumbuka Mwanamkisi. "Koliflawa! Nilikuwa naiona sokoni Mokowe tu, nikidhani ni ua la kupamba meza."

Mara ya kwanza aliambulia uji. Mara ya pili ilishikamana na sufuria, ikabidi ikwanguliwe kwa kijiko. Mara ya tatu iliiva vizuri, na alipoigusa ikasambaratika yote. Phineas alikuwa akitumia unga wa lozi kuishikanisha, kitu ambacho bei yake ingemfilisi fundi cherehani yeyote. Mwanamkisi akajaribu chicha ya nazi, ile ambayo watu hapa huwamwagia kuku. Ikashika.

Koliflawa zinafika Mokowe, kwenye gati la boti, kwa lori kutoka bara. Gakii, muuza mboga Mmeru aliyehamia huko, anamchagulia zilizo ngumu, anazifunga kwenye gunia lililoloweshwa maji na kuzipakia kwenye boti ya abiria. Siku nyingine zinafika zimechoka. Siku nyingine hazifiki kabisa, na hapo Mwanamkisi anatumia mumunye la shambani, ambalo lina maji mengi zaidi na linataka kuminywa mara nne.

Basi Husseini akala. Akala asubuhi na jioni. Baada ya miezi miwili sukari ilishuka, na kidonda kikaanza kufunga. "Akinisifu mbele ya watoto kwenye simu," anasema mkewe. "Akisema, mama yenu ni daktari, amekosa cheti tu."

Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani.

Ndau wanaume hufuturu pamoja kwenye baraza la msikiti. Kila nyumba hutoa sinia, sinia moja hukaliwa na watu sita, na hakuna sahani ya mtu. Mwanamume hajitengi na sinia. Anayejitenga ama ana ugomvi na wenzake, ama anawaona wachafu. Husseini asingeweza kwenda pale na kifurushi chake mkononi, akale pembeni kama mgeni asiyetakiwa.

Mwanamkisi akapata wazo aliloliona zuri. Aoke sinia nzima. Wote sita wakila kitu kimoja, nani atajua mgonjwa ni yupi?

Akaoka tangu adhuhuri, mikate sita, akapanga samaki na nyanya juu, akaitoa. Sinia ikarudi imefutwa. Siku ya pili hivyo hivyo, na siku ya tatu watu wa masinia mengine walikuwa wakinyoosha mikono. Hamdu, binamu ya Husseini na rafiki yake tangu walipokuwa wakichapwa pamoja chuoni kwa mwalimu wa Kurani, alituma salamu kwamba mwaka ule nyumba ya Husseini imewashinda wote kwa futari.

Na hapo ndipo Mwanamkisi alipofanya kosa ambalo mpaka leo hajajisamehe. Alijisifu. Siku ya nne Zamzam, mkewe Hamdu, alimuuliza ni unga gani huo laini. Angeweza kumjibu lolote. Akamwambia ukweli, tena kwa kicheko: hamna unga, dada yangu, ni mboga tupu, ni dawa ya sukari ya mume wangu.

"Dawa!" anasema sasa, na kujipiga kofi pajani. "Nilisema dawa! Ulimi huu, ningeukata na kisu siku ile."

Kufikia alasiri kijiji kizima kilikuwa na habari. Nyumba ya Husseini inawafuturisha waliofunga kwa chakula cha mgonjwa! Inawalisha majani, imeyafunika kwa samaki! Magharibi ya siku ile, sinia iliwekwa, Husseini akakaa, na nafasi tano zikabaki wazi. Aliyepaza sauti wa kwanza ni Hamdu, kutoka sinia ya pili.

"Mwacheni sungura ale majani yake!"

Baraza zima likacheka. Walicheka vijana, wakacheka na wazee waliopaswa kujua zaidi. Husseini naye alicheka, asije akaonekana ameumia. Kisha akainuka, akaiacha sinia ya mkewe pale pale, akaenda kubanana na watu kwenye sinia ya wali.

Jina likamganda. Watoto wakipita dirishani pake anaposhona walimwita Sungura. Boti ikifika kutoka Mokowe, kuna aliyepaza sauti kwamba karoti zake zimefika. Lo, watu wazima, wenye wake na wajukuu! Husseini hakuugusa tena mkate wa koliflawa.

"Nilimpigia magoti," anasema Mwanamkisi. "Akaniambia, heri nife nikila na watu wangu. Nikamwambia, Husseini, watu wako watakuzika tu, hawatakufa na wewe. Hakunisikia."

Miezi mitano baadaye mguu wake wa kulia ulikatwa, chini kidogo ya goti, katika hospitali moja ya Mombasa.

Sasa tazama mambo ya dunia. Mwaka ule ule, ile hoteli ya Kiwayu ilianza kuagiza mikate ya piza kwa Mwanamkisi, kwa sababu Phineas alionja ya chicha akaona yake ya lozi haifui dafu. Leo anapeleka kumi na miwili kwa wiki, kila mmoja shilingi mia tatu na hamsini. Wapo wageni waliompigia picha mkate wake, wakamwandikia salamu. Mahamri aliyaacha siku aliyorudi kutoka Mombasa, kwa kuwa harufu ya hamira inamchefua.

"Wageni wanavuka bahari kuja kula mkono wangu," anasema. "Mume wangu anavuka ndia tu, njia hii hapa mlangoni, anakwenda kula wali wa waliomcheka."

Haikuwa hivyo mara tu baada ya mguu kukatwa. Wakati huo Husseini alijifungia ndani. Alikula alichopikiwa, nyuma ya pazia, na Ramadhani iliyofuata hakutoka kabisa. Alijifunza kukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto peke yake. Kipimo cha sukari kilishuka mpaka tisa, kikatulia hapo miezi minane. Mwanamkisi akaanza kulala usingizi.

Lakini mwezi wa Rajabu mwaka huu, Husseini alichukua magongo yake akarudi barazani. Hakuaga. Huko kuna kahawa, kuna kaimati za unga wa ngano zilizoogeshwa shira ya sukari, kuna halua, na kuna watu. Wiki iliyopita kipimo kilisoma kumi na saba. Na siku mbili baada ya hapo, Mwanamkisi alipokuwa akifagia, aliona damu kwenye pedali ya cherehani. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimepasuka. Mwenyewe hakuwa amehisi kitu.

"Nilikaa chini palepale, fagio mkononi," anasema. "Nikasema, Yarabi, na huu pia?"

Nesi Cherotich, anayemsafishia Husseini kisigino kila siku ya pili, hafichi kitu. "Hiyo sukari isiposhuka, mguu wa pili unaenda," anasema. "Mimi naweza kumpatia mzee dawa. Siwezi kumpatia watu wa kukula na yeye."

Husseini mwenyewe ni mtu mpole, mwenye miaka hamsini na minane, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Anazungumza huku akitia uzi sindanoni. Haoni haya kukiri.

"Mke wangu ana haki," anasema. "Lakini wewe hujawahi kula nyuma ya pazia ukisikia wenzako wanacheka nje. Mkate wa Mwanamkisi ni mtamu. Ukiula peke yako unakukwama hapa." Anajigusa koo, kisha anarudia kanzu yake.

Ingeishia hapo ingekuwa huzuni ya kawaida. Inayomtoa Mwanamkisi moshi kichwani ni habari ya Hamdu.

Miezi mitatu iliyopita, saa ya adhuhuri wakati watu wamelala, mlango wa uani uligongwa. Alikuwa Hamdu. Aliingia ameinama, akachungulia nyuma kama mwizi wa kuku. "Shemeji," akasema, "nifichie jambo." Alikuwa amepimwa Lamu. Sukari. Alitaka mikate ya koliflawa, minne kwa wiki, ifungwe vizuri asije mtu akaijua.

"Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia mbele yako," anasema Mwanamkisi. "Nilikuwa na mchi mkononi. Mungu ndiye aliyenizuia."

Aliyemaliza ugomvi ni Husseini, aliyekuwa amesikia yote kutoka chumbani. Hakutoka. Aliita tu: "Mpe, Mwanamkisi. Mimi naujua msumeno. Yeye haujui."

Akampa. Tangu hapo, kila Jumatatu na Alhamisi, Zamzam huja na kikapu, hutia mikate ndani, huifunika leso, na hupita njia ya nyuma. Majuzi alikuja anang'aa kwa furaha: sukari ya Hamdu imeshuka mpaka nane. Alimkumbatia Mwanamkisi, akamwombea dua ndefu. Mwanamkisi akaitikia amina.

Na jioni ile ile Hamdu alikuwa barazani. Amekaa ubavuni mwa Husseini, anakunywa kahawa chungu, kaimati anazipitisha kwa wengine bila kuzigusa. Sahani ilipomfikia Husseini alichukua tatu. Hamdu aliziona zikiliwa, moja baada ya nyingine, na hakufungua mdomo. Ila kabla ya isha, Husseini alipochelewa kuinuka, alimtania: "Haya, Sungura, ruka!"

Mwandishi wa makala haya alimkuta Hamdu dukani kwake, akamuuliza kuhusu futari ile.

"Ulikuwa utani," alijibu. "Sisi watu wa hapa tunataniana, bwana. Hata mimi nataniwa. Si mimi niliyemkata mguu."

Na siku hizi yeye anakula nini?

"Nakula kama watu," alisema Hamdu, akageuka kupanga mikebe ya maziwa ambayo tayari ilikuwa imepangwa.

Ramadhani itaingia baada ya wiki tatu. Nesi amemkataza Husseini kufunga, lakini hakuna atakayeweza kumkataza kwenda futari, na kila mtu nyumbani humu anajua hivyo. Mwezi mzima wa wali, tambi na kaimati. Cherotich anasema kisigino kile hakitastahimili.

Kwa hiyo Mwanamkisi ameamua kutoa sinia tena. Mikate sita, watu sita, mbele ya macho ya wote, na safari hii atatangaza mwenyewe kilichomo. Husseini ameahidi kukaa, kwa sharti moja tu: asiwe peke yake. Watano wanatosha.

Amewatafuta watano hao nyumba kwa nyumba. Wapwa zake wawili wamesema wataona. Mzee mmoja, jirani, amesema anampenda sana Husseini, lakini meno yake yamezoea wali. Wa nne alicheka, akadhani ni mzaha. Nafasi ya tano ni ya Hamdu. Mwanamkisi amempa Zamzam ujumbe wake kikapuni, pamoja na mikate: hatamtaja mumewe barazani, hatadai asante, wala hataacha kumwokea. Anachotaka ni Hamdu akae kwenye sinia ile jioni moja, ale hadharani anachokula mafichoni. Akikaa Hamdu, wengine watakaa.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumatatu Zamzam alikuja, akachukua mikate, akamsalimia vizuri, akaondoka. Hakuleta jibu.

Mwanamkisi anakunjua kitambaa, anakikung'uta, anajaza koliflawa nyingine. Maji yanaanza kutiririka upya.

Na wasipokaa?

Hakuna mwanamke wa Ndau anayekanyaga baraza la msikiti saa ya futari, si bibi kizee wala mtoto wa kike. Anasokota, anapumua, anasokota tena.

"Wasipokaa nitakaa mimi," anasema. "Nitavua viatu, nitapanda barazani, nitakaa mkabala na mume wangu katikati ya wanaume wote wale, nile naye. Siku thelathini. Waje wanitoe. Watanisema, watanicheka, wataniita watakavyo. Mguu wa kwanza niliwapa. Wa pili siwapi."